Leseni Mmeichukua, Funguo Mmemwachia

Barua ya wazi kwa mawaziri, wabunge, mahakimu, wakuu wa polisi wa trafiki na wote mnaotoa vibali vya magari ya abiria

YAH: KUFULI LA POMBE KWENYE MAGARI

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima mnazostahili, niruhusuni niende moja kwa moja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Waya, betri, stata, alteneta na taa ndiyo riziki yangu kwa zaidi ya miaka 20. Gari lililopata ajali hunyooshwa bodi kwanza, kisha huletwa kwangu nilirudishie umeme. Kwa hiyo ajali yenyewe siioni. Naona masalia yake: usukani uliopinda, mkanda uliokatwa kwa kisu ili mtu atolewe, na mara nyingi kuliko mnavyodhani, chupa iliyobingirika ikajificha chini ya kiti cha dereva.

Kuna gari moja dogo ambalo sijalisahau. Lilikuwa limeingia ubavuni mwa gari jingine usiku. Mwenyewe alikuja gereji akichechemea, akataka kujua litakuwa tayari lini. Tukakaa, tukazungumza. Hakunificha kitu: leseni yake ilikuwa imezuiwa na mahakama miezi minne kabla ya ajali, na kosa lilikuwa hilo hilo, kuendesha akiwa amelewa. Nikamuuliza, sasa siku ile ulikuwa unaendeshaje? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Kwa funguo," akasema.

Waheshimiwa, leseni mliichukua, funguo mkamwachia. Gari halisomi leseni. Halijui hukumu wala tarehe ya kumalizika kwa adhabu. Linajua tu kwamba swichi imezungushwa na umeme umefika kwenye stata, ile mota inayoiamsha injini. Adhabu ya kunyang'anya leseni ilitungwa kwa ajili ya mtu anayeogopa kukamatwa, na pombe kazi yake ya kwanza ni kuufukuza woga huo. Ninachoomba, kwa lugha ya gereji, ni kwamba msiishie kuifunga leseni. Ifungeni stata.

Chombo cha kufanya hivyo kipo, wala si kigeni. Kampuni ya Borg-Warner ya Marekani ilitengeneza cha mwanzo mwaka 1969. Jimbo la California likapitisha sheria ya kuvijaribu kwa madereva waliotiwa hatiani mwaka 1986, na mwaka 1992 serikali ya Marekani ikatoa vipimo vya mfano ambavyo watengenezaji wavifuate. Leo kuna nchi nyingi ambako hakimu anakitaja kwenye hukumu kama anavyotaja faini. Mimi nakiita kufuli la pombe, kwa sababu ndivyo kilivyo: kufuli ambalo ufunguo wake ni pumzi isiyo na pombe.

Nilipata bahati ya kukichunguza kimoja. Gari lililokwisha kutumika nchi nyingine lililetwa kwangu kwa tatizo la kuwaka kwa kusuasua, na nyuma ya dashibodi nikakuta boksi ambalo hakuna aliyejua ni la nini. Nilitumia Jumamosi nzima kufuata waya zake. Niweke wazi pia kwamba siuzi vifaa hivi, sijawahi kuuza hata kimoja, na hakuna kampuni iliyonituma.

Kifaa kina sehemu mbili. Kuna kichwa cha kushika mkononi chenye mrija wa kupulizia, na kuna boksi la rilei, yaani swichi inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme, linalokaa katikati ya swichi ya funguo na stata. Ukifungua swichi, taa za dashibodi zinawaka na redio inaimba kama kawaida, ila waya unaopeleka amri kwenye stata unakuwa umekatwa. Unapuliza pumzi ndefu, ya sekunde kadhaa, kwa sababu hewa inayotakiwa ni ile ya chini kabisa ya mapafu, iliyokaa jirani na damu. Ndani ya kichwa kuna kiseli chenye mabamba ya platinamu. Pombe ikigusa pale inaungua kikemia na kutoa umeme kidogo. Pombe nyingi, umeme mwingi. Basi. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wangu wa miezi mitatu anaielewa. Vifaa vya zamani vilitumia sensa za aina nyingine ambazo hata moshi wa sigara uliweza kuzichanganya, ndiyo maana bado mtasikia watu wakivicheka, lakini hivi vya platinamu vimeacha aibu hiyo nyuma.

Kwa vipimo vya Marekani, kufuli linatakiwa kukataa kuanzia gramu 0.02 za pombe kwa mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha sheria kisizidi 0.05 kwa madereva wote, na 0.02 kwa vijana na madereva wapya. Maana yake kufuli ni kali kuliko sheria ya kawaida. Na hivyo ndivyo inavyopasa, kwa sababu aliyefungiwa kufuli ameshaonyesha kwamba akianza kunywa hajui kusimama.

Sasa niwaambie kuhusu ujanja, maana najua mtu wa kwanza kuwapinga atasema vifaa hivi vinadanganywa. Anasema kweli, watu wanajaribu. Wapo wanaomwomba mtu mwingine awapulizie. Wapo waliojaza puto hewa safi wakiwa bado wazima, wakaliweka akiba. Wapo wanaosukuma gari liwake bila stata. Wapo wanaowasha gari mapema, wakaliacha likinguruma nje muda wote wanaokunywa, ili wakirudi wasihitaji kupuliza tena. Huyu wa mwisho nakiri nilimcheka peke yangu, halafu nikasikitika, kwa sababu ni akili nyingi mno kutumika mahali pasipostahili.

Kwa kila mlango huo kuna komeo. Pumzi inatakiwa ipulizwe kwa namna maalumu, kwa mfano kwa kuguna huku unapuliza au kuvuta kidogo mwishoni, jambo ambalo puto haliwezi. Kifaa kinapima joto na msukumo wa hewa. Vingi sasa vina kamera inayopiga picha ya anayepuliza. Injini ikizunguka bila pumzi kupita, kifaa kinaandika. Ukichomoa betri, kinaandika kwamba kilichomolewa, saa ngapi, kwa muda gani. Na yule aliyeacha gari likinguruma atakutana na jaribio la njiani: dakika chache baada ya gari kuwaka, na tena kwa nyakati zisizotabirika wakati wa safari, kifaa kinalia na kumtaka dereva apulize upya.

Hapa nawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu nimesikia hata watu wasomi wakilikosea jambo hili. Akishindwa jaribio la njiani, gari halizimwi. Halipaswi kuzimwa kamwe. Gari likizimwa katikati ya mwendo, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake, na hapo mtakuwa mmetengeneza ajali kwa mikono yenu. Kinachofanyika ni honi kupiga na taa kuwaka na kuzima mpaka dereva asimame na kuzima mwenyewe. Ni aibu ya barabara nzima, na kosa linaingia kwenye kumbukumbu. Mkiandika kanuni, andikeni hilo kwa wino mzito, asije fundi mwenye bidii akaunganisha vinginevyo.

Halafu kuna ujanja mmoja ambao hakuna komeo la kiwandani linaloweza kuuzuia, nao ni mimi. Fundi umeme. Nipeni nusu saa na gari lenye kufuli, nami nitaiwasha stata bila kupitia kwenye boksi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu kanuni itakayomtaja dereva peke yake itakuwa na shimo kubwa lenye umbo la gereji. Kifaa lazima kiwe na lakiri. Lazima kirudi kwa aliyekifunga kila baada ya mwezi mmoja au miwili, sensa irekebishwe kwa sababu hupotoka kadiri inavyotumika, lakiri zikaguliwe, kumbukumbu zishushwe. Na fundi atakayekutwa ameliruka kufuli apate adhabu yake mwenyewe, ya kumuuma, tofauti na ya dereva. Wenzangu hawatanipenda kwa maneno haya.

Mtaniuliza kama kweli linasaidia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2011 yalikuta kwamba, kwa kipimo cha katikati ya tafiti hizo, waliofungiwa kufuli walikamatwa tena wakiendesha wamelewa kwa asilimia 67 chini ya wenzao wasiofungiwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 ulilinganisha majimbo ya nchi hiyo na kukuta kwamba yale yanayolazimisha kufuli kwa kila anayetiwa hatiani, hata kwa kosa la kwanza, yalikuwa na vifo vya ajali za pombe pungufu kwa asilimia 15. New Mexico ndiyo iliyotangulia kuweka sharti hilo la kosa la kwanza, mwaka 2005.

Kosa la kwanza ndipo penye ubishi mkubwa. Najua mahakimu wengi wana huruma na mtu aliyekamatwa mara moja, baba wa watu, hana rekodi. Lakini waheshimiwa, kukamatwa mara ya kwanza si sawa na kuendesha umelewa mara ya kwanza. Nani anakamatwa siku yake ya kwanza? Mimi sikukamatwa hata mara moja.

Naam, mimi. Sikupanga kuliandika hili mapema hivi katika barua, lakini kalamu imefika hapo.

Kabla sijaacha pombe, nilikuwa naendesha nikiwa nimekunywa karibu kila mwisho wa wiki. Nilijiona dereva mzuri. Kuna asubuhi niliamka nikaenda dirishani kuangalia kama gari lipo, kwa sababu sikukumbuka jinsi nilivyorudi. Watu walinikanya: mke wangu, rafiki zangu, mzee mmoja jirani niliyekuwa namheshimu sana. Kwa kila mmoja nilikuwa na jibu. Mke nilimwambia ni bia mbili tu. Rafiki niliwaambia nitaendesha polepole. Mzee nilimwitikia "ndiyo mzee", nikaondoka.

Usiku mmoja nikatoka, nikaingia garini, nikazungusha funguo. Tik. Nikarudia. Tik. Nilikuwa nimeacha taa zinawaka, betri imekufa. Fundi umeme mzima, betri imenifia! Nikatoa waya za kubusti kwenye buti nikitafuta wa kunisaidia, nikasimama pale na klipu mbili mkononi, na sikuweza kutofautisha chanya na hasi. Vitu ninavyovitofautisha nikiwa nimefumba macho. Nikaziangalia zile klipu kwa muda mrefu, moja nyekundu, moja nyeusi, nikajaribu kukumbuka ipi inakwenda wapi. Nikarudi ndani ya gari nikalala.

Asubuhi nilifikiri sana kuhusu zile klipu. Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa naenda kuingia barabarani kwa uhakika wote. Lakini pia nilifikiri kuhusu betri. Ilikuwa imefanya kile ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifanya kwangu: ilikataa, na sikuwa na hoja ya kuipa. Betri haibembelezwi, haina mjomba, haipokei kitu kidogo, na haiogopi kumkasirisha mtu. Miaka mingi baadaye, nilipofungua lile boksi nyuma ya dashibodi na kuelewa linafanya nini, nilijisemea kwamba kuna mtu ametengeneza ile betri yangu iliyokufa, ila hii inakufa kwa mlevi peke yake.

Ndiyo sababu naomba kosa la kwanza lihesabiwe.

Nirudi kwenye zile asilimia 67, maana kuna upande wa pili ambao wauzaji huwa hawausemi kwa sauti. Faida hiyo ipo wakati kufuli lipo. Likishatolewa, tafiti zinaonyesha watu wengi hurudi kulekule, wanakamatwa kama wale ambao hawakuwahi kufungiwa. Kufuli halimfundishi mtu kuacha pombe, kama vile mlango uliofungwa haumfundishi mwizi uaminifu. Kwa hiyo kosa kubwa mtakaloweza kulifanya ni kuweka tarehe: miezi 12, kisha kifaa kitolewe, kwaheri. Wekeni sharti badala ya tarehe. Yapo majimbo ya Marekani yanayotaka miezi ya mwisho kabla ya kutolewa iwe safi, pasiwe na pumzi iliyokataliwa wala dalili ya kuchezea waya. Ukishindwa, hesabu inaanza upya. Mtu anayeendelea kupuliza pombe kila Ijumaa jioni hajamaliza adhabu yake, hata kalenda iseme nini.

Na zile kumbukumbu msiziache zikioza kwenye kompyuta. Mtu ambaye kifaa kimemkataa mara 9 kwa mwezi mmoja, tena mara 4 kati ya hizo ni asubuhi, huyo hahitaji tu polisi. Anahitaji daktari. Kufuli limewaletea orodha ya wagonjwa ambao vinginevyo mngewajua baada ya msiba. Apelekwe kwenye matibabu huku gari likiwa bado limefungwa, mambo hayo mawili yaende pamoja. Sambamba na hilo, sheria iseme wazi nani anaruhusiwa kuziona picha na taarifa hizo na zifutwe lini. Mtu ameadhibiwa kwa kuendesha akiwa amelewa, hajauza uso wake.

Nimetaja asubuhi. Wengi hawaijui hesabu hii, pamoja na madereva wazoefu. Mwili wa kawaida hupunguza pombe kwenye damu kwa kiasi cha gramu 0.015 kwa mililita 100 kila saa, na hakuna kahawa, maji ya baridi wala jasho linaloharakisha. Mtu akilala saa sita usiku akiwa na 0.18, saa moja asubuhi bado ana karibu 0.075. Ameoga, amevaa shati safi, hanuki sana, na yeye mwenyewe anaamini amelevuka. Trafiki akimsimamisha atampa pole ya uchovu. Kufuli halitampa pole.

Sasa fikirieni kwamba huyo wa saa moja asubuhi anaendesha basi la watoto wa shule.

Hapa ndipo napendekeza mwanzie, kama mnaona kuanzia mahakamani kuna mlolongo mrefu. Magari ya abiria hayahitaji hatia ya mtu yeyote. Ni sharti la kibali, kama vile taa na breki. Finland ilifanya kufuli kuwa lazima kwenye magari yanayobeba watoto wa shule na wa chekechea kuanzia mwaka 2011. Ufaransa ilianza na mabasi mapya ya wanafunzi mwaka 2010, na kufikia Septemba 2015 sharti likawa la mabasi yote ya safari. Huko Sweden makampuni mengi ya usafirishaji yalifunga makufuli haya kwa hiari yao kwa sababu wateja walitaka kuhakikishiwa. Dereva anapuliza kabla ya kuondoka, abiria wanamwona, safari inaanza. Nimesikia wakisema kitendo hicho kinamdhalilisha dereva mbele ya abiria wake. Mimi nikiwa abiria, ningependa sana kukiona kitendo hicho.

Kuna nchi moja iliyojikwaa, na ni vizuri mjikwae kwa macho kabla ya miguu. Uholanzi ilianzisha mpango wa kufuli Desemba 2011. Kufuli halikutolewa na hakimu, lilitolewa na mamlaka ya leseni, na huku upande wa pili mtu yule yule alikuwa anaweza kushtakiwa mahakamani kwa usiku ule ule. Gharama zote zilikuwa za dereva, maelfu ya euro, na aliyeshindwa au kukataa alikaa bila leseni miaka 5. Dereva wa lori ambaye maisha yake ni usukani alipimwa kwa kipimo kimoja na mtu anayeendesha Jumapili tu. Machi 2015 mahakama za juu za nchi hiyo zikasema mtu hawezi kuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, na kwamba kanuni ile ilikuwa haijali hali ya mtu mmoja mmoja. Mpango ukafa. Kifaa chenyewe kilikuwa kinafanya kazi bila shida. Kilichokufa ni karatasi.

Basi andikeni karatasi vizuri. Mamlaka moja ndiyo itoe amri, na hakimu awe na nafasi ya kumsikiliza mtu. Ubelgiji, kwa mfano, tangu Julai 2018 inamtaka hakimu aamuru kufuli kwa aliyekutwa na pombe gramu 1.8 au zaidi kwa lita ya damu (yaani 0.18 kwa kile kipimo cha mililita 100), na akiona si vyema lazima aandike sababu. Hiyo naiona njia ya busara.

Kuhusu gharama, aliyekosa alipe, lakini asiyekuwa nacho asiachwe aendeshe bila kufuli kwa sababu ya umaskini wake, kwani anayegongwa haulizi aliyemgonga alikuwa na kipato gani. New Mexico wana mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Faini mnazokusanya kwa makosa haya haya zinaweza kuanzisha mfuko wa namna hiyo.

Na tafadhali, msimpe mkosaji achague kati ya kufuli na kukaa bila leseni. Palipoachwa hiari, wengi hawakulichagua kufuli. Walingoja leseni irudi, na wakati wanangoja, mnajua walivyokuwa wanaendesha. Kwa funguo. Wapo pia wanaosema hawana gari, kumbe wamelihamishia kwa jina la shemeji. Sharti liandikwe kwenye leseni yenyewe: mtu huyu haruhusiwi kuendesha gari lolote lisilo na kufuli.

Mengine ni madogo. Dawa nyingi za kusukutua mdomo zina pombe na zinaweza kukifanya kifaa kikatae. Jibu ni kusukutua kwa maji, kungoja robo saa na kupuliza upya, pombe ya mdomoni itakuwa imeondoka na ya damuni itakuwa bado ipo. Mwenye ugonjwa wa mapafu asiyeweza kupuliza kwa nguvu apewe cheti cha daktari na kifaa kilichorekebishwa. Mke au mume anayetumia gari hilo hilo atapuliza pia, ndiyo, ni usumbufu, na sina dawa ya usumbufu huo zaidi ya kusema kwamba kuna usumbufu mkubwa zaidi, nao nimeshauelezea kwenye habari ya mkanda uliokatwa kwa kisu.

Hata waundaji wa magari wameshasogea. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2019, unataka magari yote mapya yanayoingia sokoni tangu Julai 2024 yawe yameandaliwa kupokea kufuli, yaani mtengenezaji aonyeshe wazi linaunganishwa wapi. Kwa fundi hiyo ni zawadi, kwa sababu magari ya sasa yamejaa kompyuta na kukata waya kwa kubahatisha ni hatari. Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 2021 inayotaka magari mapya yaje na teknolojia ya kutambua ulevi bila dereva kupuliza chochote, ingawa muda uliowekwa wa kutoa kanuni, Novemba 2024, ulipita bila kanuni. Msingoje hiyo. Magari yaliyoko barabarani leo yatakuwepo barabarani miaka mingi, nayo yote yana swichi na stata. Ninachowaomba ni kuingiza sharti la maandalizi hayo kwenye viwango vya magari mapya mnavyoviidhinisha, kwani kwa mtengenezaji ni ukurasa mmoja wa mchoro.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu 298,000 walikufa katika ajali za barabarani zinazohusiana na pombe, na kwamba 156,000 kati yao waliuawa na unywaji wa mtu mwingine. Hao 156,000 hawakuwa na kiti kwenye meza ya bia. Nimejaribu kuifikiria idadi hiyo kwa hesabu ya gereji yangu nikashindwa.

Yule mtu aliyenijibu "kwa funguo" nilimtengenezea gari lake. Sikuwa na sababu ya kisheria ya kukataa. Nilirudisha waya zote, nikafunga stata mpya, nikaijaribu ikaitika mara moja. Akalipa, akaingia, akaondoka nalo mwenyewe, leseni yake ikiwa bado imefungiwa mahakamani. Nilisimama mlangoni na funguo za spana mkononi nikamtazama mpaka akakata kona.

Ikiwa mtaunda kamati ya kuandika kanuni hizi, naomba mniite siku moja. Sihitaji posho. Leteni gari lenye kufuli, leteni kifaa cha aina yoyote mnayofikiria kununua, nami nitajaribu kuliruka mbele ya macho yenu, kwa kila njia ninayoijua na zile wanazozijua vijana wangu. Patakapopenya, paandikeni, kisha mwambieni muuzaji apazibe kabla hamjamlipa.

Wenu mtiifu,

Fundi umeme wa magari